Kiti cha Kulia

Wilson, Nairobi
3 Februari 2025

Mukhwana,

Adhiambo wa ofisi ya zamu ndiye atakayekupa bahasha hii. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatujawahi kumaliza mazungumzo bila mmoja wetu kupiga kelele, na mara ya mwisho Tracy alikuwa amesimama karibu na bibi yake akisikia kila neno. Namba yako nimeifunga. Usipitie kwa rafiki zangu.

Jambo ni moja. Kuanzia Aprili kampuni inataka kapteni atakayeishi Kakamega na ile ndege ndogo mpya, Caravan. Asubuhi anapeleka abiria Nairobi, alasiri anawarudisha, jioni yuko nyumbani. Nafasi ya pili ni ya kuhamia kwenye Dash hapa Nairobi, ndege ya abiria hamsini, safari za Juba na Entebbe. Leo nimesoma ubao wa matangazo nikaona jina lako chini ya Kakamega. Hapo hapo nilikuwa nakwenda kuandika langu.

Nilicheka mpaka Adhiambo akauliza kuna nini. Miaka yote ya ndoa yetu uliniambia Caravan ni bodaboda yenye mabawa. Dash ndiyo ilikuwa ndege. Uliiota, uliitaja mezani, uliitaja mbele ya mchungaji. Leo iko mlangoni na wewe unaipita kama huijui?

Mimi niliingia kampuni hii kabla yako, na kwa utaratibu wetu aliyeingia kwanza huchagua kwanza. Kwa hiyo Kakamega ni yangu. Ondoa jina lako uombe Dash, tusifike kwa mkuu wa marubani tukivutana mbele ya watu. Nitapanga nyumba Lurambi na Tracy atahamia kwangu. Mwaka na nusu tangu tuachane amelelewa na mama yako kwa sababu mimi na wewe tunaishi angani. Kwa upande wangu, hilo limeisha.

Maurine Jepkoech


Nairobi
10 Februari 2025

Kwako Kapteni Jepkoech,

Amri yako nimeipata. Sikujua siku hizi ni wewe unayenigawia ndege.

Jina langu haliondoki. Kama nilisema hili na lile kuhusu Caravan, mtu hubadilika. Mimi ni wa Lurambi. Ukungu unaotoka msituni asubuhi na kufunika uwanja nilianza kuutazama kabla sijajua kusoma, na mvua ya alasiri najua inaanzia wapi na inaelekea wapi. Kwenu Lugari ni mahindi na upepo. Mwache mtu wa hapo atue hapo.

Halafu Tracy. Ana kitanda chake, ana shule yake, ana kukhu wake, mama yangu, anayemsuka nywele kila Jumapili kabla ya kanisa. Wewe Krismasi ulikuja na keki ya dukani, ukakaa saa moja, na hiyo saa yenyewe ulikuwa unaitazama mkononi. Leo ghafla umekuwa mama wa jioni. Mpango wako naujua. Kwanza Lurambi, baadaye Lugari kwa baba yako, alelewe na mzee ambaye mpaka leo hajawahi kuniita kwa jina langu.

Uliondoka nyumbani kwetu Nairobi mimi nikiwa Lodwar kikazi. Nilirudi nikakuta hata pazia hakuna. Jirani alinitazama kutoka kwake mpaka ndani kama anatazama televisheni. Sasa mtu aliyeondoka hivyo ananiambia mimi niondoke.

Na kama Kakamega ni nzuri hivyo, mbona hukuitaka nilipokuwa mume wako?

Griffin Mukhwana


Nairobi
17 Februari 2025

Mukhwana,

Pazia nilinunua mimi.

Baba hakuiti kwa jina kwa sababu mara ya kwanza ulipokuja Lugari ulisimama katikati ya shamba lake ukasema mahindi yale yanafaa ng'ombe. Alikuwa ameyalima kwa mkono wake. Nilikuwepo.

Na kwa nini sikuitaka Kakamega wakati ule? Kwa sababu nikifika kwenu kila mgeni aliulizwa anywe nini, na mimi niliulizwa narudi lini kazini. Wewe ulikuwa unacheka. Ulikuwa unawaambia jamaa zako, "Huyu yuko hapa kwa mapumziko ya kujaza mafuta." Walicheka pia. Nilikuwa na mimba ya miezi saba.

Maombi yangu nimeyapeleka rasmi. Kiprotich ameyapokea kwa mkono wake. Kwa mkuu wa marubani ambaye huwa hana muda hata wa kumaliza chai, alikawia sana. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, "Hakika kabisa, Maurine? Umezungumza na Griffin?" Nikamwambia mimi na Griffin hatuzungumzi. Akaguna, akatia karatasi kwenye droo.

Kuna kitu hukusema. Sijui ni nini, lakini mtu haachi Dash kwa sababu ya ukungu wa kwao.

Maurine Jepkoech


Lurambi
2 Machi 2025

Mama Tracy,

Salamu. Sisi hapa tuko wazima. Mvua imeanza kidogo, watu wanapanda. Tracy ameng'oka jino ya mbele na anakataa kucheka.

Usifikiri nimekusamehe. Ulitoka kwa hii boma bila kuniaga, na mimi nilikuwa jikoni, si mbali. Lakini nimekosa mwingine wa kuuliza.

Griffin ako hapa wiki ya tatu sasa. Anasema ni likizo. Likizo gani hiyo? Amefyeka nyasi yote ya boma, akafyeka ya jirani, jirani hakumuuliza. Juzi alienda Lubao siku ya soko, akashinda huko akiangalia ng'ombe. Akarudi bila ng'ombe na bila maneno. Nimemchinjia kuku, ingokho mzima, anakula kipande moja anasukumia Tracy sahani. Na ndege ikipita juu, mtoto anakimbianga nje kuangalia, yeye anaingia ndani. Hiyo ndiyo imenitoa usingizi. Huyu ni mtu alikuwa anasimamisha mazishi akisikia ndege.

Nilimuuliza, "Griffin, unaumwa?" Akasema, "Mama, niko sawa, niache." Mimi nilifanya kazi wodi kule Mukumu mpaka nikastaafu. Mtu ako na homa namjua na mtu ako na aibu namjua. Hii si homa.

Kama kuna kitu unajua, niambie. Kama ni wewe umemfanyia, pia niambie, sitakutukana kwa karatasi. Na nimesikia habari ya kuhamisha mtoto. Mtoto habebwi kutoka hapa kama gunia. Utakuja, utakaa chini, tutaongea.

Usimwambie nimekuandikia.

Mimi Mama Griffin


Nairobi
8 Machi 2025

Mukhwana,

Si kweli kwamba uko likizo. Nilimwuliza Adhiambo zamu zako, akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimepangwa. Nikaingia kwa Kiprotich nikafunga mlango. Hakuniambia lolote, alisema matokeo ya mtu ni ya mtu. Mimi sikuwa nimetaja matokeo.

Kwa hiyo nakuambia mimi, maana safari zako mbili za Afrika Kusini ziko kwenye daftari la zamu. Walikupeleka kwenye simuleta ya Dash, ile mashine ya kupimia marubani. Ukaanguka. Wakakurudisha, ukaanguka tena. Hawatakupeleka mara ya tatu. Zile Caravan kuukuu zinauzwa, kila mtu anajua. Inabaki moja, ya Kakamega, na mimi ninaichukua. Nikiichukua huna kazi.

Ulijua haya yote ulipoandika ile barua ya ukungu na kitanda cha Tracy. Ulikaa ukaandika kwamba mimi ni mama wa kuangalia saa, kumbe unatafuta kiti. Ungeniambia, "Jepkoech, nimeanguka, nina shida," ningekutukana, ndiyo, lakini ningejua tunabishana juu ya nini. Badala yake umemshika mtoto mbele yako kama ngao.

Hilo ndilo limeniudhi, kuliko keki na kuliko pazia.

Maurine


Lurambi
14 Machi 2025

Jepkoech,

Sasa umejua. Furahi.

Unataka na yaliyotokea? Chukua. Kwenye Dash kuna injini mbili. Wanakuzimia moja ndege ikiwa ndiyo kwanza inaacha ardhi, nayo inataka kupinda upande ule uliokufa. Unatakiwa ukanyage pedali irudi, kwa mguu ulio sahihi, bila kufikiri. Nilikanyaga mguu mwingine. Ukutani kwenye ile picha kukawa na nyasi, halafu kukawa na wekundu. Waliporudia mara ya pili nilikuwa nimekesha nikifanya mazoezi kitandani hotelini, kulia, kushoto. Nikakanyaga ule ule. Kiprotich alikuwa ameketi nyuma yangu. Alisema kwa upole ambao sitamsamehe, "Tuishie hapo, Griffin."

Caravan ina injini moja. Ikizimika hakuna mguu wa kuchagua, unatafuta shamba. Kwenye Caravan mimi ni rubani mzuri na wewe unajua. Ndiyo sababu niliomba Kakamega.

Sikukuambia kwa sababu ungenicheka au ungenihurumia. Mpaka sasa sijui lipi lingekuwa baya zaidi.

Lakini Tracy sikumshika kama ngao. Mwaka jana, kabla ya haya yote, nilimwahidi kwamba kituo cha Kakamega kikifunguliwa nitakuwa namchukua shuleni mwenyewe. Ameshawaambia wenzake. Nilitaka kazi na nilitaka hilo, vyote viwili, na kama unaona haiwezekani mtu kutaka vitu viwili kwa mara moja basi hujawahi kunijua.

Kakamega chukua. Sikuombi.

Mukhwana


Nairobi
19 Machi 2025

Mukhwana,

Nilitaka kufurahi nikashindwa, na hilo nalo limeniudhi.

Kiti sikuachii. Nimelifikiria pande zote. Nikikuachia, mimi nabaki Nairobi kwenye Dash, nalala Juba, nalala Entebbe, na Tracy anaendelea kunijua kwa sauti. Tumbo langu lilimbeba huyo mtoto. Sitakuwa mgeni wake ili wewe usione haya.

Lakini Caravan ya Kakamega itaruka na marubani wawili. Kapteni kushoto, msaidizi kulia. Cha kulia bado hakina mtu. Nimemwuliza Kiprotich kama kapteni anaweza kuomba kukaa kulia. Alisema, "Akiomba mwenyewe, kwa maandishi, leo leo nitampa." Mshahara unapungua na mstari mmoja wa begani unatoka. Kazi inabaki.

Ukikubali, nina masharti. Ndani ya ndege tutasema ya ndege tu. Ya nyumbani tutaendelea kuandikiana, barua ziachwe kwa Mama, si kwa Tracy. Siku za shule mtoto analala kwangu, wikendi analala kwenu. Utamchukua shuleni siku tukitua mapema, hilo sikunyimi. Hutaniita mpenzi, mama watoto, wala bibi. Mimi ni Kapteni, na hata mimi silipendi hilo jina likitoka kinywani mwako, lakini ndilo lililopo.

Maurine Jepkoech


Lurambi
21 Machi 2025

Jepkoech,

Nikae kulia kwako? Nikusomee ukaguzi wa kabla ya safari kama mwanafunzi, wewe ukiitikia? Niseme "Ndiyo, Kapteni" kwa mtu aliyeondoka na pazia?

Mimi nilipewa ukapteni kabla yako. Kampuni nzima inalijua hilo. Wapakia mizigo wa Wilson wanalijua hilo. Unaniomba nitembee mbele yao kila asubuhi nikiwa na mistari mitatu begani nikikufuata wewe.

Afadhali niuze mbuzi Lubao.

G. M.


Kakamega
30 Aprili 2025

Kwa rubani msaidizi Mukhwana,

Kwa kuwa tumekubaliana ya nyumbani yaandikwe, nayaandika. Haya yako katikati ya nyumbani na kazini, utanivumilia.

Acha kuguna kwenye vipaza sauti vya masikioni. Vinasikia. Kila nikishika breki naguniwa kama ng'ombe anayepelekwa josho.

Jana ulisimama mlangoni ukawaambia abiria, "Karibuni kwenye ndege ya mke wangu." Mama mmoja wa ofisi ya kaunti akacheka, akaniangalia safari nzima. Mimi si mke wako na ndege si yangu. Ukirudia nitaandika kwa Kiprotich.

Tracy amewaambia wenzake darasani kwamba mama ni bosi wa baba. Mwalimu ameniita. Nimemweleza mtoto kwamba ni mpango wa viti tu. Akaniuliza, "Kwa hivyo baba akisema kitu, wewe si lazima usikie?" Nikamwambia lazima nisikie. Nakuomba umwambie hivyo hivyo ukiulizwa, ili tusimchanganye.

Na kwa heshima yote, umekuwa ukifanya kazi vizuri. Sitarudia kusema.

Jepkoech


Lurambi
4 Mei 2025

Kapteni,

Naguna kwa sababu unashika breki kama mtu aliyeona nyoka. Uwanja una urefu wa kutosha. Uache ndege ikimbie.

Ya "mke wangu" nimesikia. Ilinitoka. Nimekuwa nikisema hivyo kwa miaka tisa na mdomo haukupelekewa barua.

Kila mtu ananiuliza kwa nini nilikubali hiki kiti. Wewe hujauliza, labda unafikiri unajua. Nilikubali kwa sababu nyasi za kufyeka ziliisha. Basi. Usitie maana nyingine humo.

Kuhusu Tracy nimemwambia ulivyotaka. Nimemwambia kazi ya wa kulia ni kuangalia vitu ambavyo wa kushoto hana nafasi ya kuviangalia. Alinijibu, "Kama wewe ukitafuta miwani ya kukhu." Nikasema kama hivyo.

Kila jioni nikiweka mfuko wangu chini mama ananiangalia begani. Hilo silisahau, na aliyeniweka hapo simsahau.

Mukhwana


Kakamega
13 Mei 2025

Mukhwana,

Umeniripoti.

Ijumaa tumetua Kisumu salama, watu tisa wakashuka kwa miguu yao, tukawatafutia basi la kuwaleta nyumbani, nikajua Jumamosi nitakaa chini niandike kilichotokea kwa maneno yangu. Kumbe wewe usiku ule ule ulikuwa umekwisha kuandika. Kiprotich alinipigia simu kabla sijanywa chai. Nilikuwa nimesimama jikoni na sare ya Tracy ya kufua mkononi. "Maurine, usiruke mpaka nikupime tena." Hakuuliza nimeamkaje.

Mvua ilikuwa imetuzunguka, ulisema tupae, nikapaa. Hakuna aliyeumia. Hakuna chuma kilichoguswa. Ungeweza kunisubiri. Ungeweza, kwa mara moja katika maisha yako, kuniambia usoni, "Jepkoech, ninaandika." Tulikaa pamoja kwenye lile basi mpaka Kakamega. Ulilala, au ulijifanya umelala.

Najua unachotaka. Ulikitaka tangu Februari. Kapteni akisimamishwa, kiti cha kushoto kinabaki wazi, na kuna mtu mmoja tu Kakamega mwenye cheti cha kukikalia. Hongera. Ulisema huniombi, na kweli hukuniomba.

Ijumaa hii Tracy halali kwenu. Atalala kwangu mpaka nijue naongea na mtu wa namna gani.

M. J.


Lurambi
16 Mei 2025

Jepkoech,

Nitakuandikia kilichotokea kwa sababu naona umeanza kukisahau, na wiki moja haijaisha vizuri.

Mvua ilitoka msituni mapema kuliko kawaida. Nilikuambia tukiwa bado mbali. Ulisema tutaiwahi. Tukashuka. Nilisema, "Sioni uwanja." Ukasema, "Mimi nauona." Nikatazama ulipotazama, nikaona kitu cheusi kinang'aa kwenye mvua, kirefu, kimenyooka. Kilikuwa kimekaa vibaya. Kwa dira yetu uwanja ulitakiwa uwe zaidi kulia. Nikasema, "Paa tena." Hukujibu. Ulikuwa umeshaamua, niliona mabega yako. Mabega hayo nayajua, ndiyo yale yaliyokuwa yakinigeukia jikoni.

Halafu nikaona trekta. Trekta la miwa, limejaa, linakwenda polepole katikati ya uwanja wetu, na taa moja. Trekta haliendi uwanjani. Ile ilikuwa barabara.

Nikapiga kelele. Si sauti ya kazini, ilikuwa ile ya nyumbani, ile uliyoniambia mbele ya mwanasheria kwamba huwezi tena kuishi nayo. "Jepkoech, paa!" Ukapaa. Yule mtu wa trekta nilimwona kofia.

Unasema ungeandika Jumamosi. Labda. Mimi niliandika usiku ule kwa sababu nilijijua. Nikilala, asubuhi ningekuhurumia, na nikikuhurumia ningeandika mvua tu. Uliniweka kiti cha kulia, Jepkoech. Ulinitolea mstari begani ukaniweka hapo. Hii ndiyo kazi ya kiti hicho. Ulitaka nikae tu nikiguna?

Na kwenye basi sikulala. Sikuwa na neno la kukuambia ambalo halingekuwa matusi.

Kuhusu kiti chako, Kiprotich alinipa Jumapili. Nilimwambia hapana. Amemleta kapteni kutoka Nairobi na mimi bado nakaa kulia. Sikukataa kwa wema. Nikikikalia kwa njia hii, maisha yako yote utasema niliandika ili nikipate, na siku moja utamwambia Tracy, naye atakuamini. Nilitaka ubaki bila hilo la kusema.

Mlete mtoto. Ugomvi huu ana umri gani wa kuulipia? Mama amekuwa akimwandalia kitanda.

Griffin Mukhwana


Kakamega
30 Mei 2025

Mukhwana,

Nimepimwa. Nimepita. Kiprotich alijifanya uwanja umefungwa, akanipitisha kwenye mvua, akanitegea kila kitu siku mbili mfululizo, na mwisho akasema Jumatatu nirudi kazini.

Kabla ya hapo, Jumapili iliyopita, nilikwenda kwenye ile barabara. Nilikwenda kwa miguu, sikuvaa sare. Mvua ikinyesha inang'aa kweli. Kuna mama anachoma mahindi pale kwenye bonde, nilimwuliza kama aliona ndege Ijumaa ile. Akaacha mahindi yaungue. Akasema, "Dada, niliiona tumbo. Nililala chini na watoto wa shule wawili hapa chini ya meza. Huyo rubani alikuwa amelewa." Nikamwambia labda hakuona vizuri. Akasema, "Basi si angoje aone?" Nikanunua mahindi mawili. Sikuweza kuyala, nikampa mtu njiani.

Ripoti yako Kiprotich alinipa niisome na niongeze maelezo yangu. Uliandika kwamba kapteni alisita kidogo kabla ya kupaa. Sijui ni nani uliyekuwa ukimwandikia neno hilo, mimi au yeye, lakini si kweli. Nimeandika chini yake kwamba sikusita, nilikuwa natua, na kwamba nilipaa kwa sababu nilipigiwa kelele. Nimetia sahihi.

Usichukue haya kama msamaha. Ungenichukua kando Kisumu ukaniambia. Hata kwa matusi. Kukuta jambo limeandikwa nyuma yangu na mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile, hilo bado liko kifuani na sidhani litatoka mwaka huu. Na kumzuia Tracy lilikuwa kosa langu, umeshalisema, usilirudie.

Sasa ya kazi. Kiprotich alisema baada ya jambo kama hili nina haki ya kuchagua msaidizi mwingine. Ana vijana wawili tayari kuja Kakamega. Niliruka na wote wawili siku za kupimwa. Ni wazuri. Wana adabu. Mmoja alinifungulia mlango. Siku ya pili nilimjaribu huyo wa mlango. Tulikuwa tunashuka kwenye mawingu, akasema, "Kapteni, nadhani hatuko sawa," nikamjibu, "Tuko sawa." Akanyamaza. Hatukuwa sawa. Nilijua, nilitaka kuona atafanya nini, na akanyamaza kwa heshima kabisa.

Nimempa Kiprotich jina lako.

Sikupendi, Mukhwana. Siku nyingine nikisikia hatua zako kwenye ngazi ya ndege nageukia dirisha. Lakini wewe huniogopi na hutaki nikupende, na nimeshindwa kumpata mwingine wa namna hiyo mwenye cheti. Kama hutaki kuruka nami, mwambie Kiprotich, usiniambie mimi.

Tracy nimemtuma kwenu wikendi hii. Jumapili mrudishe kabla ya giza.

Maurine


Lurambi
1 Juni 2025

Jepkoech,

Mtoto amekuja na jino jipya na maswali mengi. Nimeyajibu niliyoweza. Mengine nimemwambia akuulize wewe.

Kiprotich nimemwambia ndiyo. Mama alisikia nikiongea kwenye simu, akatoka nje akaanza kuwaita kuku ambao walikuwa wamekwisha kuingia.

Kesho utabiri unasema mvua itaanza saa nane. Ukiniambia tutaiwahi, nitasema hapana, na nitasema mbele ya abiria.

Mukhwana